Kadi Zilizogeuza Hotuba ya Mwenyekiti

Leo nimevuliwa nguo mbele ya watu, na hakuna aliyenigusa hata kifungo!

Mnajua chama chetu cha ushirika cha wakulima wa chai, hapa Kisii mjini, kimeletewa kompyuta. Kubwa kama makabati mawili, na chakula chake ni kadi zilizotobolewa matundu. Mimi ndiye mtaalamu wake. (Nilisomea Nairobi. Kwetu Mosocho, mama hulitaja jambo hilo hata kwenye sala.)

Asubuhi nilitaka kumchezea mwenzangu Ombati. Nikatoboa kadi chache za utani. Ukizitanguliza kwenye programu yoyote, kila "NI" inageuka "SI", na kila "SI" inageuka "NI". Tangazo lake likatoka: LEO SI JUMANNE. Ombati akasimama mbele ya kalenda, anakuna kichwa. Nilicheka hadi machozi.

Kabla sijaziondoa, Mwenyekiti akaingia. Uani wakulima walishajaa, wametoka Itumbe na Nyamache, na uchaguzi wa chama ni wiki ijayo.

"Kijana, hotuba yangu iko tayari?"

"Sasa hivi, Bwana Mwenyekiti!"

Nikabonyeza. Mashine ikanguruma, karatasi ikatoka. Akaichana bila kuitazama, akasimama mlangoni na kipaza sauti.

"Hotuba hii imeandikwa na mashine! Na mashine haidanganyi!"

Makofi! Akavaa miwani, akasoma polepole, kwa sauti ya kanisani:

"Mimi si mtumishi wenu. Mimi si mwaminifu. Chai yenu si salama mikononi mwangu. Mimi ni mwizi."

Hapo kwenye "mwizi" ndipo masikio yake yaliposikia mdomo wake. Nikatafuta pa kutokea. (Chumba kina mlango mmoja. Yeye ndiye aliyeuziba.)

Mama mmoja akapaza sauti: "Endelea, tata, baba yetu! Leo tunakuelewa!"

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Nikazichomoa kadi zangu mbio, nikachapa hotuba upya. Mwenyekiti akaisoma, wakaikataa!

"Rudia ile ya kwanza! Hiyo ya pili inadanganya!"

Mwenyekiti hakunifokea. Aliniwekea mkono begani, taratibu kabisa. "Kijana, mizani ya majani ya chai kule Nyamache inahitaji mtaalamu. Kesho."

Basi, mtakaoleta chai, wekeni kikapu, niwapimie, mwende zenu. Mwenye kucheka angoje avuke mto kwanza.