Jiwe la Nne la Kiwanja cha Wizara

Leo nimeaibika. Tena nimeaibika kwa maandishi, nakala tatu, na mhuri juu ya kila moja.

Nianze mwanzo, maana napenda mambo yaende kwa mpangilio. Kwetu Ngagara kuna kiwanja kitupu cha wizara fulani. Kwa miaka mitatu kamati ya kartie, yaani ya mtaa wetu, imekuwa ikiomba wizara ikabidhi kiwanja hicho kwa komini, ndiyo halmashauri yetu, ili wamama wanaouza mboga ya lengalenga kando ya barabara, ambao hufukuzwa kila wiki, wapate soko dogo. Mimi ni seremala, lakini pia ni karani wa kamati hiyo. Sheria ya ardhi nimejifundisha peke yangu: nilinunua nakala yake kwenye maduka ya Asiatique, nikaisoma mara mbili, penseli mkononi. (Mke wangu anasema siku zile nilikuwa nikiomba chumvi kwa kutaja kifungu.)

Leo asubuhi ilikuwa makabidhiano. Wizara ilimtuma mpima ardhi, Madamu Spesioza, mama mpole mwenye ramani ya zamani iliyokunjwa kama shuka. Komini ilimleta mjumbe wake na mhuri, na majirani wakaja kushuhudia. Kazi ilikuwa moja: kuhakikisha mawe manne ya mpaka, kila moja na herufi yake, yapo, kisha kutia sahihi.

Jiwe A lipo. B lipo. C lipo, ndani ya nyasi. D hakuna.

Tulitafuta saa nzima. Madamu akakunja ramani yake, akafunga faili.

"Bila jiwe ya nne siwezi kutia sahihi. Dosie inarudi wizarani."

"Inarudi kulala miaka mingapi tena?" akauliza Mama Zawadi, jirani yangu, beseni la lengalenga kichwani. "Mi nilishachagua na pa kuweka meza."

Nikaona ni wajibu wangu kusema neno. Nikapanda juu ya jiwe C (ndiyo, nilipanda) nikawahutubia majirani.

"Jiwe la mpaka halina miguu. Kuna mutu amelitoa. Na mutu huyo, sheria iko wazi, ni mwizi wa ardhi ya umma. Atafutwe, na jina lake liandikwe."

Wakanipigia makofi. Makofi mazuri sana.

Upepo wa mvua ukaanza kuvuma. Nikawakaribisha kwenye karakana yangu, hatua chache tu kutoka pale, tuandike kwamba makabidhiano yameshindikana. Upepo ukaingia pamoja nasi, karatasi za dosie zikaanza kuruka. Mimi ni mtu wa kujipanga. Nikaenda kwenye mlango wa mteja niliokuwa nimeuunga kwa gundi, nikanyanyua jiwe langu la kugandamizia mbao lililokuwa juu yake, nikaliweka juu ya dosie.

Hapa lazima nilieleze jiwe lenyewe. Nililiokota kwenye nyasi za hapo nje miaka tisa iliyopita, baada ya lori la mchanga kupita na kuchimbua kila kitu. Limenyooka pande zote. Seremala hawezi kuacha kitu kama hicho kilale nje. Upande mmoja ulikuwa na mikwaruzo iliyoharibu mbao, nikaugeuza juu, na tangu hapo nimekuwa nikiwekea kopo la gundi hapo hapo. Gundi imeganda juu yake tabaka kwa tabaka.

"Pima, Madamu," nikasema kwa fahari. "Mji mzima huu hutapata jiwe lingine lenye pembe za tisini kamili."

Akapima kweli. Sentimita ishirini kwa ishirini. Akapima tena. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akaanza kukwangua gundi taratibu, kama mtu anayemenya yai.

"Fundi," akasema, "hii jiwe ulinunua wapi?"

Herufi D. Imechongwa vizuri kabisa. (Na mimi ndiye ninayesoma hata karatasi iliyofungiwa karanga.)

Mama Zawadi akatua beseni lake chini.

"Bon. Yule mutu tumemupata. Sheria iko wazi, Fundi."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Mjumbe wa komini alicheka mpaka akakalia kopo la gundi. Mke wangu alitokea na chai, akauliza kuna nini, akaelezwa, akarudi ndani na chai yote. Nilimsikia tu jikoni, akipiga sufuria kwa kicheko.

Nililibeba jiwe begani mwenyewe hadi kiwanjani, wamama wakinifuata kwa vigelegele kama bwana harusi. Nikasimama pale nilipoliokota. Madamu akapima kutoka kwenye yale mawe matatu: nimekosea shubiri moja tu. (Hiyo ndiyo sifa pekee niliyopata leo.) Likafukiwa upya.

Ikabaki kuandika. Na karani ni nani? Madamu akawa anasema, mimi naandika: "Jiwe D limepatikana katika karakana ya karani wa kamati, likiwa na gundi."

"Madamu, hiyo ya gundi ni lazima?"

"Andika, Fundi. Si ulisema jina liandikwe?"

Nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri. Wakatia sahihi, mhuri ukagongwa. Kabla ya saa sita kiwanja kikawa cha komini, na Mama Zawadi akaenda kuweka beseni lake mahali alipopachagua, karibu kabisa na jiwe D. Anasema atakuwa analilinda nisilichukue tena.

Ule mlango umeachana, gundi haikushika. Kwa hiyo nawaomba msicheke sana, na mwenye jiwe zito asilolihitaji aniletee. Ila alikwangue kwanza.