Kirusi Ndani ya Koti la Shemeji

Jumanne, 2 Aprili 1968
Kibeta. Siku ya sita bila mke wangu Klaudia. Amerudi kwao Izigo, eti amechoka kufuatwafuatwa hadi kanisani. Nani alimfuata? Nilikuwa napita tu. Nyuma ya migomba.

Juu ya hayo, homa. Magoti, viwiko, vidole, vyote vinauma. Nimechechemea hadi zahanati. Mganga Rugemalira kasema ni homa ya mbu. Haiwezekani. Madirisha nafunga saa kumi na moja jioni. Kuna mtu amefungua.

Jumatano, 3 Aprili
Rugemalira kanieleza. Kirusi cha mbu hakivunji mlango. Kikishaingia ndani ya chembe ya mwili, kinazima king'ora chake ili isiwaamshe majirani. Kikitoka kinajifunika kipande cha ngozi ya chembe ileile. Askari wa mwili wakitazama, wanaona mwenzao. Akaongeza kwamba mwili ukishakijua hausahau, kikirudi kinakamatwa mlangoni. Hapo sikusikiliza sana.

Nilimwuliza amezijuaje mbinu zote hizo za kuingia nyumba za watu. Kasema alisomea. Haya. Na Klaudia alikuwa akija kwake kuchomwa sindano huku anacheka. Nani hucheka na sindano?

Ijumaa, 5 Aprili
Homa imeshuka, akili imepanda.

Baba mkwe, Mzee Rutashobya, ametuma neno: nisikanyage kwake mpaka nije na mzee wa kuniombea na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, niombe msamaha mbele ya watu. Kwa kosa gani? Na huyo mzee si ataitangaza aibu yangu mtaa mzima wa Bilele?

Nataka Klaudia arudi kabla ya Pasaka. Nasema kweli, nyumba imekuwa kubwa, na chai yangu inatoka chungu. Ila kwanza nijue nani anamtembelea kule.

Mpango: niwe kirusi. Shemeji Byabato, kaka yake Klaudia, aliacha koti lake hapa mwaka jana. Hiyo ndiyo ngozi. King'ora ni mbwa wao. Atazimwa kwa dagaa.

Jumamosi, 6 Aprili
Basi hadi Izigo. Mvua. Koti la Byabato, mwavuli mpaka puani, magoti yanalia. Mbwa kala dagaa, katikisa mkia, kanyamaza. Nikaingia kwa mwendo wa Byabato, nikaketi kwenye kona yenye giza. Mzee Rutashobya hakusema kitu. Ushindi!

Kikapu cha kahawa ya kutafuna kilikuwa mezani. Nikangoja nikaribishwe. Nikangoja sana.

Mwishowe mzee akasema mwana wa nyumba hii hangoji kahawa, huchota mwenyewe. Anayengoja ni mkwe. Akanisogezea kikapu. Akasema hata mbwa alinikumbuka, maana kabla ya harusi nilikuja kuwachunguza nikijifanya mkaguzi wa kahawa, na siku ile alibaki na kipande cha suruali yangu.

Klaudia akatoka chumbani akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akayatazama magoti yangu. Kasema mtu aliyetembea na magoti haya kwenye mvua hii, atarudi naye. Sharti moja tu: nisimshuku tena. Nikaapa kwa Bikira Maria. Nililia. Niliwaambia ni moshi.

Jumapili, 7 Aprili, Matawi
Klaudia yuko nyumbani. Matoke na maharage. Chai tamu. Nimefurahi mno, namshukuru Mungu.

Ila mbona amesamehe upesi hivyo? Hajanikaripia hata mara moja. Amevaa kanga ileile ya nyumbani, anaingia chumba hiki, anatoka kile, anatabasamu. King'ora changu kimezimwa kwa matoke. Rugemalira alinieleza jambo hili hili.

Baada ya misa kasema anampelekea jirani, Mama Ephrasia, ndizi. Nikachukua koti la Byabato. Lilikuwa bado limelowa. Nikasimama nyuma ya migomba, mbali kabisa, kimya kabisa.

Hakugeuka hata kichwa. Akaniita kwa jina, Ildefons, akasema nitoke, nikamletee kikapu chake cha safari.

Basi la Izigo limeondoka naye saa nane. Amejuaje nilikuwa pale? Kuna mtu amemwambia.