Mabwana Kulia, Mabibi Kushoto

Trouville, Jumatatu, 7 Julai 1856

Mzee Varengeot, msimamizi wa ufuo, katangaza leo: atakayechapa picha bora ya waogaji atakuwa mchoraji wa ufuo. Asiye na kazi, kaongeza huku akinikazia macho, asimsogelee binti yake Zélie. Nampenda Zélie hadi usingizi umenihama. Tourmel, mchoraji mwenzangu, naye anamtaka. Ana masharubu, huyo. Lakini hana akili. Huchora kwanza kwenye karatasi, anaitazama kwenye kioo, ndipo anachora upya juu ya jiwe la kuchapia. Siku nzima! Mimi nitabeba jiwe hadi ufuoni, nichore papo hapo.

Jumanne, 8 Julai

Mgongo umekwisha. Ila kazi imetoka. Mabwana kushoto, mabibi kulia, kama sheria ya ufuo inavyowatenga, Mama Varengeot mbele kabisa, maji kiunoni. Tourmel kapita, kaniuliza kioo kiko wapi. Nikamwambia akachane masharubu yake.

Alhamisi, 10 Julai

Nimekwisha. Jiwe likichapa hugeuza kila kitu, hata mwanafunzi wa juzi anajua. Kwenye karatasi mabwana wako kulia. Nimeliona hilo baada ya nakala zote kuuzwa hotelini. Wageni wa Paris wanazitumia kama ramani. Mwanasheria mnene kutoka Rouen kaingia majini upande wa kulia, kaibukia ubavuni mwa Mama Varengeot. Yowe la mama wa watu, nasikia, lilifika hadi mji wa Honfleur. Varengeot kaniambia nishukuru sheria inakataza kuua. Zélie kanipita kana kwamba mimi ni nguzo. Nimelia, sifichi.

Ijumaa, 11 Julai

Tourmel kapewa kazi. Jumanne amealikwa chakula kwao Zélie, na mji mzima unajua chakula hicho kina maana gani. Nilikwenda baharini nijitupe. Maji yalikuwa baridi mno.

Jumapili, 13 Julai

Dawa imepatikana. Picha yangu haina kosa, kosa liko ufuoni. Mabango ni mawili tu, yamechomekwa mchangani: Mabwana, Mabibi. Kesho alfajiri nayabadilisha. Ufuo ukishafanana na picha, Varengeot atalazimika kuniomba radhi, na Tourmel ale chakula chake nyumbani kwake mwenyewe. Bahati nayo imenigeukia: kesho asubuhi watawa wanaleta wasichana wa shule yao kuoga, nao watafuata bango moja kwa moja hadi kushoto. Ushahidi wa watawa, nani ataukana?