Nani Amenipiga Mshale wa Chini?

Jumatatu, 10 Machi

Utomvu umeanza kutiririka! Usiku barafu, mchana jua, na ndoo zilizotundikwa kwenye miti ya mimepo kuupokea zinalia ti, ti, ti. Hapa Vermont, Marekani, hakuna muziki mwingine mwezi huu. Nami nimeanza kazi yangu ya msimu: kujibu maswali kwenye ukumbi wa mtandaoni wa wapika shira, ule utomvu uliochemshwa ukawa mzito na mtamu. Mtu anauliza, tunajibu, wasomaji wanapiga mshale wa juu jibu likifaa na wa chini lisipofaa. Anayepiga haonekani jina. Utaratibu wa haki kabisa.

Lengo langu ni moja. Bi Lucille Desrochers, bingwa wa ukumbi, anakaa ng'ambo ya kilima chetu. Kila mwaka humchagua mjibuji mmoja asimame naye kwenye karai la kuchemshia Siku ya Milango Wazi, wageni wanapokaribishwa bandani kwake. Jana mtu aliuliza atajuaje kwamba shira imeiva. Wengine walimwaga kurasa za vipimo. Bi Lucille akaandika hivi tu: chota kwa upawa, inua, tazama, ikidondoka matone, bado, ikining'inia ukingoni kama pazia, epua. Nilisoma nimesimama. Nikavua kofia, ingawa nilikuwa jikoni peke yangu.

Swali la leo: utomvu waweza kuchemshiwa ndani ya nyumba? Nikajibu papo hapo. Waweza, jikoni kwako, na ufunge madirisha joto lisipotee. Sijawahi kujaribu, lakini jambo lenyewe liko wazi.

Jumanne, 11 Machi

Mshale wa chini! Bila neno! Sikumaliza hata chai.

Mchana, mshale wa pili. Huyu alau alijieleza. Anajiita Buti Linalovuja. Akasema kwa adabu zake kwamba galoni arobaini za utomvu hutoa galoni moja ya shira, na zile nyingine zote hugeuka mvuke, na mvuke hauombi ruhusa ya kukaa ukutani. Nikamwambia hajawahi kushika ndoo. Nikamfuata kwenye swali lake la trekta nikamwambia tena. Nikamfuata hata pale alipokuwa anawakaribisha wageni. Akanyamaza jumla. Nimemshinda.

Alhamisi, 13 Machi

Mishale ya chini imezidi, na sasa yote ni bubu. Tangu nimshinde Buti, hakuna hata mtu mmoja anayenieleza lolote. Ajabu.

Nikauliza hadharani: kwa nini mnanipiga bila kusema sababu? Swali likapigwa mishale ya chini. Bila kusema sababu.

Namshuku jirani yangu, Everett Pelkey. Asubuhi alinisalimia akitabasamu kupita kiasi. Akauliza, vipi mzee, shira inakwendaje. Mtu mwema haulizi hivyo. Nikajificha nyuma ya kuni zangu nione kama ataishika simu wakati mshale mwingine ukiingia. Mshale uliingia. Pelkey alikuwa anamenya yai. Mjanja sana.

Ijumaa, 14 Machi

Mpango! Mke wangu Verna yuko mjini Rutland kwa dada yake. Nimemfungulia akaunti ukumbini, kwa anwani yake ya barua pepe. Verna huyo wa ukumbini akasoma majibu yangu yote na akayapenda yote. Aliandika kwamba hajapata kuona mwanamume mwenye akili namna hii. Nilifurahi kweli. Nikamshukuru.

Jioni mitambo ya ukumbi ikafuta mishale yote ya Verna na kuifunga akaunti yake kwa kosa la udanganyifu. Taarifa ikaenda kwake. Verna wa kweli akapiga simu. Akauliza, "Orville, ni nani huyo amenisemea kwamba una akili?" Nikamwambia mtandao siku hizi una mambo. Akasema haya, lakini nikirudi nikute nyumba yangu kama nilivyoiacha. Nikamhakikishia.

Jumapili, 16 Machi

Nimegundua kasoro ya jibu langu: halina picha. Watu wa ukumbi wanataka ushahidi. Basi nimewasha majiko yote manne, masufuria manne ya utomvu, madirisha yamefungwa kama nilivyoelekeza. Nitawaonyesha.

Saa sita mchana: mambo safi. Jikoni kunanukia kama mbinguni. Nimepiga picha.

Saa tisa: siioni friji.

Saa kumi na moja: nimesikia kitu kinachanika taratibu. Ni karatasi za ukutani. Zile za maua ya waridi alizobandika mama yake Verna, Mungu amrehemu, mwaka alioolewa Verna. Kipande kimoja kiliachia kutoka darini, kikainama polepole, kikanifunika kichwa. Kingine kikafuata. Nikajaribu kukirudisha kwa mkono, na mkono ukabaki na waridi. Ukuta una rangi niliyokuwa nimeisahau. Nimekaa sakafuni nikiogopa, naandika ukweli. Shira nimepata kikombe kimoja. Nayo imeungua.

Jumatano, 19 Machi

Bi Lucille ametangaza. Atakayesimama naye kwenye karai ni Buti Linalovuja, ambaye jina lake halisi ni Everett Pelkey.

Pelkey! Mtu pekee aliyenieleza! Nimetembea chumbani kwa muda. Kisha nikasoma majibu yake yote tangu mwanzo, nikitafuta kosa. Nikasoma hadi jioni. Yule mtu ni mzuri. Anaandika taratibu, anakiri asichokijua, mtu akimsahihisha anasema asante ndugu na kurekebisha. Inaudhi.

Jumamosi, 22 Machi

Milango Wazi. Nimekwenda, sikualikwa lakini hakuna anayealikwa. Banda la Bi Lucille limejaa mvuke hadi kwenye paa, na paa lake lina tundu refu la kuutolea. Niliutazama ule mvuke ukitoka.

Watu wanapanga foleni na visahani vya theluji, wanamwagiwa shira ya moto, wanakula na donati, halafu tango la achari la kukata utamu ili waweze kuanza tena. Pelkey yuko pembeni ya karai, analisha moto kuni. Akanipungia mkono. Bi Lucille yuko mbele ya karai na upawa. Mdogo wa umbo, miaka themanini kasoro, na anaongea na kila mtu bila kuliangalia karai. Mara akanyamaza. Alisikia kitu katika mchemko ambacho sisi wengine hatukukisikia. Akachota, akainua. Pazia! Shira ikaning'inia kwenye upawa, nyembamba, rangi ya dhahabu. Sijaona kazi nzuri kama ile maishani mwangu.

Nikajitambulisha. Nikamuuliza ni watu gani hao wanaopiga mishale ya chini bila kusema sababu.

"Mimi mmojawapo," akasema. "Lako la madirisha nililipiga asubuhi ile ile."

Nikamuuliza, mbona hukunieleza, mama?

Akasema mshale haukuwa barua kwangu. Ulikuwa kwa yule atakayesoma kesho akiwa na sufuria mkononi. Wewe sikuchukii, akasema, hata sura yako nilikuwa siijui. Halafu akaongeza, "Aliyekueleza ulimfanyaje?" Pelkey akajifanya anatafuta kuni.

Sijui ni nini kilinipata. Nikamwambia kuhusu waridi. Nikamwambia yote, hadi kile kipande kichwani. Bi Lucille alicheka mpaka akashika ukingo wa kiti. Kisha akanishika bega, akasema, "Baba, hilo ndilo jibu! Nenda kaliandike chini ya lile la kwanza, na picha ya ukuta. Ukiliandika, karai la mwakani unasimama wewe."

Nafasi yangu! Kwa kuandika tu kilichotokea!

Jumatatu, 24 Machi

Verna alirudi jana. Alisimama mlangoni pa jikoni bila kuvua koti. Akasema alikuwa anapanga waridi zile zimsindikize hadi uzeeni. Akaenda kukaa kwenye gari. Nilitoka nikamwomba radhi, na nilikuwa namaanisha. Akasema nikazibandike upya kwa mikono yangu, na kama nitauliza mtu mtandaoni nisithubutu kutumia jina lake.

Leo nimekaa kuandika kama nilivyoahidi. Nimeandika ukweli, na picha nimeweka. Ila niliposoma tena niliona unanifanya nionekane mjinga, na msomaji wa kesho hatafaidika kwa kuniona mjinga. Nimeupanga vizuri zaidi. Sasa jibu linasomeka hivi: "Kuchemsha utomvu ndani, madirisha yakiwa yamefungwa, kuna faida ya pili ambayo wengi hawaijui. Huondoa karatasi zote za zamani za ukutani bila kukwangua. Tazama picha."

Sikumaliza hata chai. Mshale wa chini. Bila neno.

Bi Lucille huyo! Mwanamke mwenye shughuli zote zile, msimu umepamba moto, na bado ananisoma wa kwanza. Mwakani, kwenye karai lake, nitavaa kofia mpya.