Mgombea Wangu wa Kusindikiza

Jumatatu, 2 Septemba
Miaka kumi na moja ya udiwani hapa Tullabuck, na leo chama kimeninong'oneza: atakayeshinda umeya ndiye atakayesimamishwa ubunge wa jimbo. Bunge! Sydney! Ofisi yenye zulia! Kizuizi ni kimoja tu, Diwani Maureen Dacey. Kikaoni alinisogezea sahani ya biskuti. Kwa nini? Sikugusa.

Jumatano, 4 Septemba
Majina ya wagombea yamechanganywa kwenye boksi ili kupata mpangilio wa karatasi ya kura. La Maureen limetoka la kwanza. Msimamizi alitabasamu. Nimeandika saa aliyotabasamu, iwe ushahidi.

Lakini nami si wa kuchezewa. Kura zetu ni za namba: mpiga kura anaandika 1, 2, 3, na anayeshika mkia akitolewa, kura zake humwendea aliyepewa 2. Kwa hiyo nimemsimamisha Col Trevanion, mkata nyasi wa klabu ya michezo ya mji. Azoe kura za wanaochukia wanasiasa, atolewe, zije kwangu. Col aliuliza meya hufanya kazi gani. Nikamwambia asihangaike, hatafika huko.

Kwenye vipeperushi vyangu nimeandika: NEVILLE PROUT 1, COL 2. Adabu tu. Kura zangu haziendi popote, mimi sitoki.

Jumamosi, 7 Septemba
Nimemwamuru Col ajibu kila swali kwa maneno mawili: "Sijui, nitauliza." Leo wamemuuliza kuhusu maji, barabara, choo cha bwawa la kuogelea. Sijui, nitauliza. Watu wakampigapiga mabegani kwa furaha! Muuza mikate akanigeukia: "Afadhali huyu, Nev. Wewe mwenzetu hujawahi kutojua kitu." Kanunuliwa na Maureen, huyu. Mkate nitanunua kwingine.

Jumanne, 10 Septemba
Yule ndege mweusi na mweupe wa pale shuleni, anayedonoa vichwa vya watu kila Septemba, amenishukia mara tatu nikibandika mabango. Maureen kapita pale pale kichwa wazi. Hakuguswa! Nilimuuliza mke wangu, Glenys, kama ndege anaweza kufundishwa. Akasema, "Kunywa chai yako, Nev."

Jumamosi, 14 Septemba
Siku ya kura. Kituo ni pale shuleni, na wazazi wa wanafunzi wanachoma na kuuza soseji langoni kama kawaida. Maureen alikula moja na vitunguu, huku akicheka na wapishi. Hongo ya wazi! Nikamshtaki kwa msimamizi. Akasema mama wa watu kajinunulia, na je, mimi nitapenda moja?

Col hakuja, ana nyasi zake. Nilimfanyia kampeni mwenyewe. Kila aliyeniuliza kama kweli ampe Col namba 2, nilimwambia ampe, asisahau, tena aandike vizuri isomeke. Sauti imekauka.

Jumanne, 17 Septemba
Maureen 1,904. Col 1,122. Mimi 1,097.

Nimetolewa. Mimi! Kisha kura zangu zikahesabiwa upya, na karibu zote zina 2 safi kabisa kwa Col. Msimamizi alisema hajawahi kuona wafuasi watiifu namna hii. Col ni meya. Nilikaa ndani ya gari nikalia, sitaficha. Maureen akaja dirishani, akasema, "Pole, Nev, sote wawili tumeshindwa." Akanipa leso. Nimeikagua pande zote.

Alhamisi, 19 Septemba
Chama kimempigia Col simu kuhusu ubunge. Kawajibu hajui, atauliza. Wamefurahi mno!

Jumapili, 22 Septemba
Nimelitafakari jambo hili siku kadhaa na nimeliona kosa. Mpango ulikuwa safi, mtu ndiye hakufaa. Col anapendwa mno. Nitagombea ubunge bila chama, na safari hii msindikizaji wangu atakuwa mtu wa ndani, nisiyehitaji kumchunga: Glenys. Nilipomwomba, alikubali kabla sijamaliza sentensi. Hata picha ya bango anayo tayari, na hotuba kaandika tangu mwezi wa sita. Nimebahatika kuoa mwanamke mwenye mpangilio.