Neno Lililonivua Sare

Leo nimejifukuza kazi. Kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa Kiingereza, huku nikitabasamu. Naandika kwa hasira, kwa hiyo mnivumilie nikikosea herufi.

Mnajua nafua mashuka kwenye kambi ya watalii huku Natta. Juzi ikatokea nafasi ya mapokezi. Kukaa kivulini, kuwapa wageni juisi, kusema karibu. Mgongo wangu ulifurahi kabla yangu. Meneja wetu, mama wa Kizungu tunayemwita Madam, akasema ataniita leo asubuhi aniulize kama niko tayari.

Kosa nililofanya ni kumwambia shemeji Mwita, mdogo wake mume wangu. (Mwita amefika kidato cha nne na hajawahi kutusamehe.)

"Shemeji, ukiulizwa kama uko tayari utajibuje?"

"Nitasema I am willing."

"Hilo kila mtu analo. Ready, glad, happy, yote yamechakaa. Wewe sema I am lief. Ni Kiingereza cha zamani, cha watu wa heshima. Maana yake niko radhi kabisa. Mzungu akilisikia atakaa chini."

Nikalitafuta kwenye kamusi ya simu. Kweli lipo. Nimelala nalo, nimeamka nalo.

Asubuhi Madam akaniita ofisini. Akaniuliza, Bhoke, umeamua nini kuhusu kazi?

"Madam, I am lief."

Uso ukambadilika. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia nina uhakika sana, hili jambo nimelitaka muda mrefu. Akauliza, kuanzia lini? Nikasema leo, hata sasa hivi. (Nilitaka aone bidii.)

Madam akanyanyuka, akanikumbatia. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nikawaza, kumbe neno lenyewe lina nguvu hivi.

Akawaita wafanyakazi wote, akanisifia kwa Kiingereza kirefu. Wakapiga makofi. Nami nikahutubia. Niliwaambia wasikate tamaa, siku yao nao itafika. Msimamizi akaniomba sare yangu ya ufuaji, nikamkabidhi kwa furaha, nikisubiri ile ya mapokezi. Badala yake nikaonyeshwa gari. Begi langu lilikuwa limeshapakiwa.

Marwa, mpishi wetu, akanishika mkono. "Bhoke, unatuacha kweli? Umepata kazi wapi?"

"Nawaacha niende wapi?"

"Si umemwambia Madam unaondoka?"

Ndipo nikaelewa. Lile neno la Mwita ukilitamka linasikika kama leave, yaani kuondoka. Asubuhi yote nilikuwa naacha kazi, tena kwa msisitizo. Na watu niliokula nao ugali kila siku walipiga makofi, hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini.

Nikarudi ofisini mbio, kiatu kimoja kimebaki garini. Nikamwonyesha Madam lile neno kwenye simu. Akalisoma. Akalisoma tena. Akasema tangu azaliwe hajawahi kumsikia mtu akilitamka, hata bibi yake. Kisha akaanza kucheka, na hapo ndipo alipokaa chini. Sakafuni.

Kazi nimerudishiwa. Ya mashuka. Mapokezi ameshapewa Nyangi, mwenzangu wa kufua, ambaye alipoulizwa kama yuko tayari alijibu "Yes", basi. Sasa hivi ninapoandika yuko kivulini anamimina juisi, amevaa sare ambayo ingenitosha vizuri zaidi.

Nimempigia Mwita nimtapikie hasira zangu zote. Amenisikiliza hadi mwisho, akakohoa, halafu akasema, "Lakini shemeji, neno lilikuwa sahihi."

Nimemkatia simu.

Mume wangu anasema nitulie, ni mambo ya kawaida. Haya, nimetulia. Ila kuanzia kesho atakayenisalimia kwa Kiingereza nitamjibu kwa Kikurya, na sitamtafsiria.