Wiki Niliyotaka Kumsainia Mama

Jumatatu, 14 Julai 2025
Siku kubwa! Nimeamka mkulima wa kawaida wa hapa Kyimo, nalala nikiwa nusu tajiri.

Kapiga simu Felista, mdogo wetu wa mwisho, muuguzi kule Mbeya. Kauliza kama nina habari kwamba kaka yetu mkubwa, Ambindwile, anamtafutia Mama wakili. Anataka Mama asaini hati ya uwakilishi, yaani karatasi ya kumpa yeye ruhusa ya kusaini kila kitu kwa niaba ya Mama. Shamba la chai, migomba, nyumba, ng'ombe, hata vile vyumba viwili vya maduka pale Tukuyu mjini. Kila kitu!

Nikamwambia ni aibu. Mama ana miaka themanini na mmoja, mzima, halafu mtu aanze kumzunguka? Felista akasema ndiyo maana kaniambia mimi, mimi nina busara.

Nina busara! Nimekubali kabisa. Kesho asubuhi nakwenda kwa wakili kabla Ambindwile hajafika.

Jumanne, 15 Julai
Ukungu mzito, huoni hata barabara. Nimepanda bodaboda nikiwa na suti yangu ya harusi. Kifungo cha tumbo kimeruka kabla ya Tukuyu. Hakikupatikana.

Wakili anaitwa Hosea. Kijana, mpole, anaandika taratibu. Nikamweleza kwamba mimi ndiye mtoto ninayekaa karibu na Mama, ndiye ninayejua mateso yake. Akaniuliza ni mateso gani. Nikasema uzee.

Akasema Mama lazima afike mwenyewe, aelewe hati inasema nini, na atamke kwa kinywa chake kwamba anataka. Nikamwomba tumwepushe na safari, maana kichwa chake siku hizi kinapotea. Akaweka kalamu mezani. Akasema mtu ambaye akili zake zimepotea hawezi kusaini hati yoyote.

Nikamwambia papo hapo kwamba kimerudi.

Akaandika na hilo pia, taratibu. Lakini ametupa nafasi, Ijumaa saa nne! Nimerudi naimba. Mke wangu, Tulia, kauliza suti imekuwaje. Wanawake hawaoni mambo makubwa.

Jumatano, 16 Julai
Siku ya mafunzo. Nimemkuta Mama anamenya ndizi. Nikaketi kwenye kigoda nikaanza kumuuliza kama wakili atakavyouliza. Leo siku gani? Kajibu. Tarehe? Kajibu. Una watoto wangapi? Watatu, na akanitajia siku tuliyozaliwa kila mmoja na nani alikuwa mkunga. Una mali gani? Hapo sasa! Kataja mashamba yote, mipaka yote, na jirani aliyesogeza mpaka mwaka ule wa mvua nyingi. Kichwa kama cha hakimu!

Kisha akaniuliza yeye. Shamba langu la Isongole, lile la viazi nililopewa na marehemu Baba, mbona magugu yamefika kifuani? Nikamwambia Mama, tujibu maswali ya wakili tu.

Nikamwelezea hati. Ni ya kumpumzisha, ili asisumbuliwe. Akauliza nani anamsumbua. Nikaruka hilo. Akauliza kama hati ya namna hiyo ni ya mzazi kumpa mtoto tu. Nilifurahi mno kuona anataka kujifunza! Nikamweleza kwa mapana: yeyote anaweza kumpa yeyote, mradi anayetoa ameridhika na amesaini mwenyewe.

Mama akasema ndaga fijo, asante sana, na akaomba nirudie pale pa mwisho. Nikarudia mara mbili. Mwanafunzi bora sijapata kuona.

Alhamisi, 17 Julai
Balaa! Ambindwile kaja kutoka Kiwira, amemletea Mama blanketi jipya. Sijamletea Mama blanketi tangu nizaliwe. Nikakimbia sokoni, nikarudi na blanketi nene kuliko lake. Akatuma mtu alete jogoo. Nikaleta chupa ya chai. Mama akashukuru kila mara kwa sauti ile ile. Haiwezekani kujua nani anaongoza.

Nikamvuta kaka pembeni, nyuma ya migomba. Nikamwambia tuongee kiume. Akasema yeye ni wa kwanza kuzaliwa. Nikamwambia mimi ndiye wa kwanza kufika kwa wakili. Akashika kiuno. Tukaanza kupatana: yeye chai, mimi maduka. Akataka duka moja. Nikataka nusu ya chai. Sauti zikapanda. Mara Felista huyu hapa na begi lake la safari, kapanda gari la asubuhi bila kumwambia mtu, na yeye anadai nyumba, kwa sababu ndiye pekee anayejua kumpima Mama presha. Lile neno lake kwamba mimi nina busara, hakulikumbuka hata kidogo!

Tulifika kwenye ng'ombe. Mimi nilikuwa nataka yule mwenye mimba. Nikageuka, na Mama amesimama hapo na jembe lake, sijui tangu saa ngapi.

"Mimi bado nakula," akasema. "Bado napalilia. Nyie mnanigawana na ninawasikia?"

Felista akaanza kulia. Ambindwile akatazama viatu vyake. Mimi nikaona aibu, nasema kweli. Nilimwona Mama mdogo sana katikati ya ile migomba, na mikono yake ina udongo mpaka kwenye viwiko.

Kisha akasema kesho twende sote kwa wakili, kwa kuwa karatasi hiyo na yeye anaitaka. Akanishika mkono. Akaniambia nisisahau kitambulisho changu na picha ndogo za pasipoti. Mimi! Sio Ambindwile, mimi! Kaka ameona kwa macho yake. Ile aibu ikaniisha mara moja.

Ijumaa, 18 Julai


Saa nne tulikuwa kwa wakili. Mama akaomba aingie peke yake kwanza. Tukasubiri kwenye benchi nusu saa. Ndani tulisikia wakili akicheka. Nikamnong'oneza Ambindwile kwamba sitamfukuza mtu, kila mmoja atapata sehemu yake kwa utaratibu wangu. Akageukia mlangoni. Maskini kaka, nikamhurumia.

Tukaitwa. Wakili akasoma hati kwa sauti. Sikusikiliza sana, nilikuwa natunga hotuba ya shukrani kichwani. Nilisikia "Erasto", jina langu, nikasikia "Agness", jina la Mama, nikasikia "shamba". Ilitosha! Akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema kabisa. Akauliza kama nasaini kwa hiari yangu. Nikaomba kalamu. Nakala nne, nikasaini zote, nikaongeza na mstari chini ya jina. Mama akasaini baada yangu. Muhuri ukapigwa, puu!

Nikasimama. Nikawashika wote mikono. Nikaanza hotuba.

Wakili akaniomba kwa adabu niketi, akanisomea tena taratibu.

Loh! Mimi, Erasto, nimempa mama yangu, Agness, mamlaka ya kusimamia na kulilima shamba langu la Isongole, na nisilikodishe kwa mtu bila saini yake!

Felista alicheka mpaka akashika ukuta. Ambindwile alijikaza, akashindwa. Nikasema nimedanganywa. Wakili akaniambia kwamba amenisomea yote, na kama sikuridhika naweza kuifuta hati leo leo. Akaweka karatasi nyeupe mbele yangu, na kalamu juu yake.

"Erasto mwanangu," Mama akasema, "ukitaka futa. Ila magugu yale, baba yako asingeweza kupita hapo bila kushika panga."

Nikaishika kalamu. Nikaitazama karatasi. Nikamtazama Mama. Nikairudisha kalamu.

Na mali zake je? Hapo wote watatu tukashtuka. Aliandika wosia mwaka juzi na umehifadhiwa. Na kuhusu kusaini, akasema mkono wake bado unafanya kazi, siku ukichoka atatuambia yeye. Ambindwile akaacha kucheka. Felista pia. Hilo ndilo jambo pekee lililonifurahisha leo.

Jumamosi, 19 Julai
Isongole. Mama hakupoteza hata siku moja. Katupeleka wote watatu na mapanga, yeye ameketi juu ya gunia, amejifunga mablanketi yote mawili kwa baridi, anatuonyesha pa kufyeka. Mimi nina malengelenge saba. Ambindwile tisa. Mchana tukala viazi vya kuchoma, Felista akasimulia nilivyotoa hotuba, na hata mimi nikacheka kidogo. Shamba ni zuri, nilikuwa nimesahau. Mama anasema mavuno ni yangu. Nimekubali kwa unyenyekevu.

Jumapili, 20 Julai
Habari njema! Naandika haraka!

Baada ya ibada nimekutana na mtu wa Kiwira. Kaniambia baba mdogo Jairo, ndugu wa mwisho wa marehemu Baba, macho yake sasa hayaoni vizuri. Miaka tisini. Hana mtoto. Nyumba yake iko barabarani kabisa, pazuri kwa biashara. Na anatafuta mtu wa ukoo wa kumsomea barua!

Nimeketi chini nikachunguza makosa ya wiki hii kwa uaminifu, na nimeligundua kosa. Ni moja tu. Ndugu walikuwa wengi. Jairo hana mtoto hata mmoja wa kumzengea!

Kesho alfajiri naondoka na mkungu wa ndizi. Blanketi pia. Safari hii sitafuti wakili kwanza. Hati nimeshaitunga mwenyewe mchana huu, kurasa mbili, maneno mazito ya kisheria.

Tulia anasema niisome kabla sijaondoka nayo. Ya nini? Nimeiandika mwenyewe.